Saini ni ya nchi, si ya aliyeshika kalamu

Niliandika hapa kwamba nchi iliyoridhia mkataba wa kimataifa, yaani iliyothibitisha rasmi kwamba inakubali kufungwa nao, inapaswa kuutekeleza mpaka itoke kwa njia halali. Barua zimekuja nyingi, nyingine kali. Nimechagua hizi.

Mkataba ulisainiwa na serikali iliyopita, ambayo tuliiondoa kwa kura kwa sababu ya mambo hayohayo. Kwa nini serikali mpya ibebe mzigo usio wake?

Kwa sababu anayefungwa na mkataba ni nchi. Serikali ni mshika zamu tu. Jiulize ungesema nini kama serikali mpya ya nchi jirani ingeamka kesho na kutangaza kwamba mkataba wa mpaka ulisainiwa na waliopita, hivyo mpaka haupo. Ungekuwa wa kwanza kupiga kelele, na ungekuwa na haki. Kama kila uchaguzi ungefuta mikataba, hata barua zisingevuka mipaka, maana zinavuka kwa makubaliano yaliyoanza mwaka 1874 ulipoundwa umoja wa posta wa dunia. Serikali ngapi zimeingia na kutoka tangu hapo?

Wengi mlinitajia Nyerere. Ni kweli kwamba Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alikataa kurithi kwa mkumbo mikataba ambayo Uingereza iliifunga kwa niaba yake. Lakini Tanganyika ilikuwa nchi mpya, haikuwa serikali mpya ndani ya nchi ileile. Tena tazama alivyofanya: aliuarifu Umoja wa Mataifa kwa maandishi kwamba mikataba ya pande mbili itaendelea kwa miaka miwili, ikaguliwe mmoja mmoja, na ile isiyokubaliwa upya wala kulindwa na sheria ya kimataifa ihesabiwe imekoma. Hakuchana karatasi jukwaani. Anayemtumia Nyerere kuhalalisha uvunjaji wa mkataba hajasoma alichokifanya.

Kusaini na kuridhia si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linarudi, hata kutoka kwa watu wanaojitambulisha kuwa wanafunzi wa sheria. Kwa kawaida saini inaonyesha nia, na kuridhia ndiko kunakofunga. Hata hivyo aliyesaini na hajaridhia hayuko huru kabisa: Ibara ya 18 ya Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba, wa mwaka 1969, inamkataza kufanya jambo la kuua lengo la mkataba, mpaka atakapoonyesha wazi kwamba hana nia ya kujiunga. Na mjihadhari, yapo makubaliano yanayofunga papo hapo kwa saini tu. Someni ibara za mwisho kwanza, huko ndiko jambo hili linakoandikwa na huko ndiko watu wanakonaswa.

Katiba yetu haikufuatwa wakati wa kusaini. Katiba ni sheria mama. Kwa hiyo mkataba ni batili, sivyo?

Ndani ya nchi yako katiba iko juu, sibishani na hilo. Lakini nchi uliyokubaliana nayo haikuapa kuilinda katiba yako. Ibara ya 27 ya Mkataba huohuo wa Vienna inasema nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kama kisingizio cha kutotekeleza mkataba. Mlango mdogo uko Ibara ya 46: kanuni iliyovunjwa iwe inahusu mamlaka ya kufunga mikataba, iwe ya msingi sana, na uvunjaji uwe wa wazi kiasi kwamba nchi yoyote yenye nia njema ingeuona.

Nigeria ilijaribu kupita mlango huo. Mwaka 1975 wakuu wa nchi wawili, Yakubu Gowon wa Nigeria na Ahmadou Ahidjo wa Kamerun, walisaini Tamko la Maroua kuhusu mpaka wao wa baharini. Baadaye Nigeria ikasema tamko halikuwa na nguvu kwa sababu Baraza Kuu la Kijeshi, lililokuwa na madaraka wakati ule, halikuliridhia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa hoja hiyo mwaka 2002. Mkuu wa nchi anahesabiwa kuwa na uwezo wa kuifunga nchi yake, na jirani halazimiki kufuatilia mabadiliko ya katiba ya mwenzake. Katika hukumu hiyohiyo Nigeria ilishindwa pia madai yake juu ya rasi ya Bakassi. Ilichukua miaka, lakini ikaondoka.

Kwa hiyo hasira yenu ielekezeni mahali pake. Kama kiongozi alisaini bila idhini, mwajibisheni yeye bungeni na mahakamani. Afrika Kusini, Februari 2017, mahakama iliamua kwamba serikali ilikiuka katiba ilipotuma taarifa ya kujitoa Mahakama ya Jinai ya Kimataifa bila idhini ya Bunge, na mwezi uliofuata taarifa ikafutwa. Kama kutoka kunahitaji idhini ya wananchi, kuingia kunaihitaji zaidi.

Na kama tulisaini tukiwa tumeelekezewa bunduki?

Ni batili. Ibara ya 52 ya Mkataba wa Vienna.

Mataifa makubwa yanavunja mikataba yanavyotaka. Marekani ilijitoa makubaliano ya nyuklia ya Iran mwaka 2018 na hakuna aliyeigusa. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Kwa nini wanyonge ndio wahubiriwe uaminifu?

Swali hili linaniuma, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa iliamua kwamba Marekani ilivunja sheria dhidi ya Nicaragua, na Marekani ikakataa kuitii hukumu. Sitalifunika jambo hilo, ni aibu.

Ila tazama mnachokiomba. Mwenye nguvu akivunja mkataba, bado anabaki na manowari zake, soko lake na fedha yake. Mnyonge akiuvunja anabaki na nini? Kosta Rika ilifuta jeshi lake mwaka 1948. Nicaragua ilipopeleka askari na kuchimba mifereji kwenye ardhi oevu ya mpakani mwaka 2010, Kosta Rika haikuwa na kikosi cha kupeleka. Ilikuwa na mkataba wa mpaka wa mwaka 1858. Ikaupeleka The Hague, Uholanzi, yaliko makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mwaka 2015 mahakama ikathibitisha kwamba eneo lile ni lake, na mwaka 2018 ikaamuru ilipwe fidia inayozidi dola 378,000. Karatasi ya zaidi ya miaka 150 ilifanya kazi ya jeshi. Ingekuwa na thamani gani kama Kosta Rika nayo ingekuwa na desturi ya kuzitupa karatasi zake?

Anayewashauri wanyonge waige uvunjaji wa wakubwa anawavua silaha pekee waliyonayo.

Basi tukigundua mkataba ni mbaya tukae nao milele?

Nani kasema? Tokeni mlangoni. Mikataba mingi ina ibara ya kujitoa. Burundi ilitoa taarifa ya kujitoa Mahakama ya Jinai ya Kimataifa Oktoba 2016, ikasubiri mwaka mmoja unaotakiwa, ikatoka Oktoba 2017. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa mbaya kwa raia wa Burundi, ila njia ilikuwa halali. Wajibu uliozaliwa ukiwa ndani haufi ukitoka.

Ipo mikataba isiyo na mlango. Korea Kaskazini ilijaribu kujitoa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1997, ikajibiwa kwamba hakuna ibara ya kutoka. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa: haki zile ni za watu, serikali haina ruhusa ya kuzirudisha dukani.

Hali ikibadilika je? Mkataba wa zamani hauendani na sasa.

Hungaria ilisema hivyo kuhusu mabwawa ya mto Danube iliyokubaliana na Chekoslovakia mwaka 1977. Siasa zilikuwa zimebadilika, uchumi umebadilika, hata Chekoslovakia yenyewe ilikuwa imeshagawanyika. Mwaka 1997 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliona bado mkataba ulikuwa hai. Kipimo ni kikali mno, msikitegemee.

Mikataba ya siri nayo iheshimiwe?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Ibara ya 102, unataka kila makubaliano yasajiliwe na kuchapishwa. Usiosajiliwa hauwezi kutumiwa kama hoja mbele ya chombo chochote cha Umoja huo. Hilo halimaanishi moja kwa moja kwamba umekufa, na hapo ndipo hofu yangu ilipo: nchi inaweza kufungwa na maneno ambayo wananchi wake hawajawahi kuyaona. Kwa hiyo barua zinazonijia baada ya mambo kuharibika zingekuwa na faida zaidi kama zingepelekwa kwa mbunge kabla ya kura ya kuridhia. Mwombeni nakala nzima pamoja na viambatisho. Akisema hajapewa, mwambieni asipige kura ya ndiyo siku hiyo.