Chumba cha hosteli: anza na kanga

Mdogo wangu, umesema chumba chako hapa Tanga kimepauka na kupigilia misumari ni marufuku. Nunua doti moja ya kanga. Kata pale pande mbili zinapoungana, pinda kingo. Upande mmoja uwe pazia. Wa pili uning'inize ukutani, mji (pambo la kati la kanga) ukae katikati na jina (maandishi yake) ulisome ukiwa umelala. Cha kuuning'inizia ni kamba ya mkonge, ifunge toka nondo ya dirisha hadi kabatini. Mkonge tunao Tanga tangu 1893, kamba haikupi tabu! Nafasi ikibaki, bania picha za nyumbani kwa vibanio vya nguo. Chini, mkeka wa ukindu. Taa za rangi ziache kwanza. Fungua dirisha, upepo wa bahari uipepee hiyo kanga.