Swali la lugha: Dawa za kusisimua, kututumua au kuongeza nguvu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa mazoezi hapa Tanga. Kuna vijana wameanza kujichoma sindano ili wajaze miili, na nataka kubandika tangazo la kuwakataza. Nimeandika "Ni marufuku kutumia dawa za kusisimua misuli." Mwenzangu anabisha, anasema neno ni "kututumua", si "kusisimua". Redioni nasikia "dawa za kuongeza nguvu", na gazeti moja la Kenya limeandika "pufya". Lipi sahihi? Na je, mwanariadha "hukutwa na dawa" au "hupatikana na dawa"?

JIBU: Marahaba. Kwa tangazo lako, mwenzako kashinda.

Kusisimua ni jambo la hisia. Ukisikia kaswida iliyosomwa vizuri nywele zikakusimama, umesisimka. Mechi ya Simba na Yanga husisimua, tena hata kabla haijaanza. Sasa muulize kijana anayejichoma sindano kama anataka misuli yake isisimke. Atakushangaa. Anataka ivimbe, ijae, ionekane nje ya fulana. Hilo ndilo kututumua: kukifanya kitu kivimbe na kuinuka. Paka akikutana na mbwa uchochoroni hujitutumua, na binadamu mwenye maneno makubwa kuliko uwezo wake naye tunamwambia aache kujitutumua.

Kusisimua limeingiaje humo? Zipo dawa zinazosisimua kweli, kama amfetamini na jamaa zake. Hizo huamsha mishipa ya fahamu, hufukuza usingizi, humfanya mtu asisikie uchovu. Mirungi ina kemikali za ukoo huo huo, na wanaoitafuna wanajua inavyokesha nao. Ukiziita "dawa za kusisimua" hujakosea, ila kinachosisimka ni fahamu. Nadhani watangazaji walilichukua neno hapo, wakaliongezea "misuli", kisha likawa muhuri: kila anayefungiwa anagongewa huo huo, bila kujali alitumia nini.

Tazama habari za riadha za Kenya za miaka kumi na kidogo iliyopita. Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, alinaswa mwaka 2014 kwa EPO. Jemima Sumgong, aliyeshinda dhahabu ya marathoni Rio mwaka 2016, alinaswa mwaka uliofuata, EPO tena. EPO ni homoni ambayo mafigo hutengeneza yenyewe. Iliyotengenezwa kiwandani hupewa wagonjwa wa figo ili wasiishiwe damu. Kazi yake ni kuzidisha chembe nyekundu, hewa ya oksijeni ifike mwilini kwa wingi. Hakuna msuli unaosisimka hapo, wala unaotutumka. Mtazame mwanamke wa marathoni mwenye miguu myembamba akiingia kilomita ya 40, kisha uniambie kipi kimetutumuliwa.

Kisa cha Ruth Chepngetich kinaliumbua neno hilo zaidi. Oktoba 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, pale Chicago, kwa saa 2:09:56. Machi 2025 sampuli yake ya mkojo ilionyesha haidroklorothiazaidi, nanogramu 3,800 kwa mililita, ilhali maabara hutakiwa kuripoti kuanzia 20. Dawa hiyo ni ya kukojosha, nayo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu wanaijua kwa kuwapeleka chooni. Haimpi mtu mbio. Imekatazwa kwa sababu inaweza kuzimua mkojo hadi dawa nyingine isionekane. Vichwa vya habari vikasema tu "dawa za kusisimua misuli". Msomaji akabaki anadhani bibi yake mwenye presha anameza vidonge vya wanyanyua vyuma.

Kututumua lina mahali pake hasa. Ben Johnson wa Kanada aliposhinda mita 100 Seoul mwaka 1988 kwa sekunde 9.79, kisha akapokonywa dhahabu siku tatu baadaye kwa sababu ya stanozololi, hapo neno linakaa sawasawa. Stanozololi ni ya kundi lile lile wanalotumia vijana wa jimu: dawa zinazoiga homoni ya kiume ya testosteroni na kuulazimisha mwili ujenge nyama. Bei yake huja baadaye: chunusi mgongoni, matiti kwa mwanamume, korodani kusinyaa kwa kuwa mwili umeacha kutengeneza homoni yake, na moyo unaofanya kazi kwa shida. Hayo yaongee nao kwa mdomo, tangazo halina nafasi.

Kuhusu "dawa za kuongeza nguvu", kaka, pita barabara yoyote ya mji wako usome mabango yaliyopigiliwa kwenye nguzo za umeme. Nguvu zinazotajwa pale si za kukimbia. Ukibandika "Ni marufuku kutumia dawa za kuongeza nguvu" mlangoni mwa jimu, watu wazima watacheka na wengine watakuuliza jimu inawahusu nini na chumbani kwao. Redioni linaponea kwa sababu mtangazaji ameshataja riadha kabla. Ukutani halina wa kuliokoa.

Shida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye "dawa" lenyewe. Kiswahili kimelibebesha mzigo: dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mganga. Sema tu "yule mchezaji anatumia dawa", kisha usikilize vijiweni. Wa kwanza ataelewa ameathirika na anameza dawa za kufubaza virusi, maana kwetu "yupo kwenye dawa" mara nyingi ni kauli ya kunong'ona kuhusu hilo. Wa pili ataelewa ni teja. Wa tatu, mpenzi wa soka, atasema alijua tu, timu yao ina kamati ya ufundi, yaani wale wanaozika vitu golini usiku. Wa nne ndiye atakayefikiria sindano za misuli. Kwa hiyo usiliache "dawa" litembee peke yake, hasa ukimzungumzia mtu anayejulikana. Kumtaja jirani kwa sentensi yenye maana nne ni kumtafutia kesi, au kujitafutia.

Wengine hukimbilia "steroidi", jina ambalo stanozololi nayo huitwa, wakidhani wamepona. Hawajapona. Mtoto wa pumu akizidiwa, daktari humpa prednisoloni, nayo ni steroidi. Deksamethasoni ya hospitali ni steroidi. Lakini ni za ukoo mwingine: zinatuliza uvimbe na mzio, na zikitumiwa muda mrefu hula misuli badala ya kuijenga. Wapo wanaozimeza ili wanenepe, wanavimba uso na maji mwilini wakidhani wamejaa nyama. Ukiandika "steroidi ni marufuku" bila maelezo, mama wa mtoto mwenye pumu atakwenda kuificha dawa ya mwanawe. Ukitaka kulitumia, sema "steroidi za kujenga misuli", na hapo utakuwa umeeleweka hata na mfamasia.

Na ukiwa kwenye kusahihisha ndimi za vijana wako, wakataze pia ile "natumia unga". Wanamaanisha unga wa protini, wa maziwa au soya, ambao ni chakula na haukatazwi. Ila mzazi anayesikia mwanawe "anatumia unga" hatafikiria maziwa. Atalia. Wasikate maneno, waseme "unga wa protini" mpaka mwisho.

Pufya ni neno la kurasa za michezo za Kenya, na nakiri nalionea wivu. Ni fupi, halina harufu ya hospitali wala ya mganga, na linameza kila kilichokatazwa, EPO, stanozololi na hiyo ya kukojosha, bila kusema uongo kuhusu misuli ya mtu. Ningependa livuke mpaka wa Horohoro. Lakini ukilibandika Tanga leo itabidi usimame kando ya tangazo kutwa nzima ukilifasiri. Kwa sasa, anayeandika habari za michezo Tanzania na hajui aina ya dawa aandike "dawa zilizokatazwa michezoni". Ni refu kidogo, ila ni kweli siku zote. Akiijua aina, aitaje.

Wewe unaijua. Andika hivi: "Ni marufuku kutumia, kuuza au kuchomana sindano za kututumua misuli katika jimu hii. Vidonge vyake pia ni marufuku." Nimeweka "kuchomana" kwa makusudi, kwa sababu vijana hawa huchomana wao kwa wao, na kauli ya kutendana inamkamata anayechoma na anayechomwa kwa neno moja.

Tuje kwenye "kukutwa na dawa". Tofauti ya kukutwa na kupatikana ni ya mpaka tu: Tanzania mtu hukutwa na hatia, Kenya hupatikana na hatia. Vyote ni Kiswahili, msigombane. Kasoro iko kwingine. "Mwanariadha amekutwa na dawa" ni sentensi ya polisi. Inamchora mtu amesimama kando ya basi, begi limefunguliwa, vidonge vimeanikwa chini. Kilichotokea ni kwamba mkojo au damu yake imepimwa maabara. Basi sema "sampuli yake imeonyesha dawa iliyokatazwa". Bado haisemi kwamba alikusudia, na ndiyo sifa yake, kwa sababu kanuni za michezo humwajibisha mwanariadha kwa kilichomo mwilini mwake hata kabla ya kuuliza kimeingiaje. Kukusudia au kutokusudia huja baadaye, kwenye kupanga adhabu.

Adhabu nayo ina ngazi zake. Kwanza mtu husimamishwa kwa muda, shauri likiendelea. Likiisha, hufungiwa. Chepngetich alisimamishwa kwanza, na ilikuwa Oktoba 2025 ndipo alipofungiwa miaka 3. Aliyeandika mwezi Julai kwamba "amefungiwa" alimhukumu kabla ya wenye kuhukumu. Ningependelea pia "marufuku" libaki kwa dawa, na watu tuwafungie, ingawa ndugu zetu wa Kenya humpiga marufuku mtu na dawa yake kwa pamoja.

Tena si kila anayefungiwa ameonekana na dawa. Wilson Kipsang, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2013, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 bila sampuli yake yoyote kuonyesha kitu. Kosa lake lilikuwa kutopatikana mahali alipotakiwa kuwa wapimaji walipomfuata, na kutoa ushahidi wa uongo, ikiwamo picha ya lori lililopinduka ambayo ilikuja kujulikana ilipigwa miezi kadhaa baada ya siku aliyodai. Kumwandika "afungiwa kwa dawa za kusisimua misuli" ni kosa la habari, na lugha ndiyo iliyolibeba.

Umeona nimesema Johnson "alipokonywa" dhahabu. Medali hupokonywa, ubingwa huvuliwa, kwa kuwa ubingwa huvaliwa kama kilemba na medali hushikwa mkononi. Rashid Ramzi wa Bahrain alipokonywa dhahabu ya mita 1500 ya Beijing 2008 kwa aina ya EPO, ikaenda kwa Asbel Kiprop wa Kenya. Miaka ikapita, na Kiprop naye akafungiwa kwa EPO mwaka 2019. Dhahabu ya Beijing hakupokonywa, kwa hiyo usimwandike "aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa 2008" kana kwamba amevuliwa. Ni bingwa wa 2008 hadi leo.

Mwisho, usikubali mtu akusahihishie tangazo kwa kuweka "madawa". Wingi wa dawa ni dawa. Wengi husema "madawa" wakitaka kuonyesha wingi wenye ubaya ndani yake, na mitaani sitawazuia, lakini hata mamlaka ya serikali inayopambana na biashara hiyo imejiita ya "Dawa za Kulevya".