Uchovu Usiokwisha Baada ya UVIKO-19

SWALI: Daktari, shikamoo. Niliugua UVIKO-19 miezi mitano iliyopita. Homa ilikwisha, lakini uchovu umebaki: nikifua nguo nusu saa, kesho yake siinuki kitandani. Jirani anasema ni chanjo niliyochomwa mwezi uliopita. Je, nijifukize, au kuna dawa? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Uchovu wako ulitangulia chanjo, kwa hiyo jirani amekosea.

Shirika la Afya Duniani linaihesabu hali kama yako kuwa athari za UVIKO-19 ikiwa dalili zipo miezi mitatu tangu kuugua, zimedumu angalau miezi miwili, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Hivyo nenda hospitali upimwe kwanza wingi wa damu, sukari, tezi ya shingoni na, ukiwa na kikohozi, kifua kikuu.

Dawa mahususi ya kuiponya hali hii haijapatikana. Kujifukiza hakutauondoa uchovu huo, na maji ya moto yameunguza wengi. Gawa kazi zako: fua nguo chache, ukiwa umeketi, kisha pumzika kabla hujachoka. Usijilazimishe mazoezi, kwani kwa mgonjwa anayezidiwa siku inayofuata, kujikaza huongeza madhara.