Waridi Ambalo Nyuki Hulipita: Maswali ya Bustani

Swali: Shikamoo mama. Nimepanda vichaka vitano vya waridi mbele ya nyumba yangu hapa Nkuhungu, nikitarajia kwamba vitawavuta nyuki, kwa sababu maboga na matikiti ya uani huchanua sana lakini vitunda vyake hugeuka njano na kudondoka vikiwa na ukubwa wa gololi. Mawaridi yamestawi na kila mpita njia anayasifu, ila nyuki wanayapita wakielekea kwenye mrehani wa jirani. Kosa langu liko wapi? *Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Jibu: Marahaba. Matunzo yako hayana kasoro. Tatizo ni aina ya ua ulilolichagua. Chuma ua moja lililokwisha kufunguka, kisha ling'oe petali moja baada ya nyingine huku ukihesabu. Ikiwa ni waridi kubwa la kawaida la mapambo, utapita 25 au 30 kabla ya kuuona moyo wake, na katikati utakuta vijipetali vilivyojikunja, vingine vikiwa nusu petali na nusu stameni. Hizo stameni ndizo zinazobeba chavua, na katika mawaridi ya namna hiyo nyingi zimegeuka kuwa petali, kwa kuwa kwa vizazi vingi wafugaji wa maua waliichagua mimea yenye petali nyingi zaidi. Waridi liitwalo La France, lililotolewa na Mfaransa Jean-Baptiste Guillot mwaka 1867, huhesabiwa kuwa mwanzo wa ukoo wa mawaridi ya mapambo tunayoyaona leo, yenye tumba refu na ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu. Yalikusudiwa jicho la mwanadamu na chombo cha maua mezani. Nyuki akitua juu yake ni kama mgeni aliyefika kwenye nyumba nzuri iliyofungwa milango.

Unachokihitaji ni waridi la kichaka lenye ua la wazi, yaani petali 5, au zisizozidi 10 hivi, na duara la stameni za manjano linaloonekana hata ukiwa umbali wa hatua mbili. Kwenye vitalu vyetu vya barabarani muuzaji mara nyingi hajui jina la aina, na atakwambia kwamba waridi ni waridi. Kwa hiyo usinunue mche ambao haujachanua. Subiri ulione ua lake limefunguka kabisa, ndipo utoe fedha. Ukibahatika kuipata aina ya Kichina ijulikanayo kama Mutabilis, ichukue bila kusita: ua lake hufunguka likiwa na rangi ya asali, likageuka rangi ya waridi na kuishia wekundu uliokoza, hivyo kichaka kimoja huwa na rangi tatu kwa wakati mmoja, nacho hustahimili joto na huchanua tena na tena. Wengi huniuliza pia kuhusu Rosa rugosa wanayoiona kwenye simu zao, kwa kuwa inasifiwa kustahimili mchanga na chumvi. Sifa hizo ni za kweli, lakini ule ni mmea wa nchi zenye baridi kali, nami sioni sababu ya kuutesa hapa.

Mimi mwenyewe nilijifunza somo hili kwa bahati. Nilikuwa na waridi la kubebeshwa nyuma ya jiko, yaani tawi la aina moja lililounganishwa juu ya shina la aina nyingine. Kiangazi kimoja tawi la juu likafa, shina la chini likachipua, na baada ya kukaa muda mrefu bila ua likatoa vishada vya maua madogo meupe yenye petali tano. Jirani alinisihi nilikate, kwa kuwa lile lilikuwa "gugu" tu. Asubuhi moja, mnamo saa moja, nikamkuta nyuki amelala kwa ubavu juu ya stameni, akizunguka moyo wa ua huku miguu ikikwangua upesi upesi, kisha akainuka na kuelea hewani kiasi cha shubiri moja akijisafisha, na aliporudi alikuwa na mafurushi mawili ya manjano kwenye miguu ya nyuma. Kufikia saa sita mchana stameni zilikuwa zimekwisha kuwa tupu. Hata hivyo sikushauri uoteshe shina la chini kwa makusudi, kwa sababu aina nyingi za mashina hayo huchanua mara moja tu kwa mwaka, ilhali wewe unataka ua linalorudi.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia kabla hujang'oa chochote. La kwanza ni kwamba waridi humpa nyuki chavua, ambayo ndiyo chakula cha kulelea watoto wake, lakini mbochi wake, yaani maji matamu ya ua, ni kidogo mno au haupo kabisa. Ndiyo maana mrehani wa jirani unakushinda. Usishindane nao, panda mrehani wako katikati ya vichaka, weka alizeti chache pembeni, na kama una nafasi otesha mlonge mmoja. Jambo la pili ni maboga yenyewe. Boga lina maua dume na maua jike mbalimbali, ua jike likiwa na kiboga kidogo chini yake, na kila ua hufunguka asubuhi moja tu. Waridi halichavushi boga. Kazi yake ni kumzoesha nyuki kupita uani kwako, ili boga litakapofunguka awe yuko karibu. Mwaka huu, wakati unasubiri, chuma ua dume saa moja asubuhi, ondoa petali zake, na upake chavua yake kwenye moyo wa ua jike. (Mwenzako wa Hombolo mwenye shamba la zabibu hana shida hii, kwa kuwa zabibu hujichavusha zenyewe.)

Kuhusu kupanda, mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na Februari mara nyingi hukatika kwa majuma kadhaa. Panda mara udongo unapolowa kwa kina, ili mizizi iwe imeshuka kabla ya ukame huo mfupi. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, na acha mita moja na nusu kati ya kichaka na kichaka. Maganda ya karanga ni matandazo mazuri kuliko mabua ya mtama, ambayo huwaalika mchwa. Lakini vyovyote utakavyotandaza, acha shubiri moja wazi kuzunguka shina. Kiangazi, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa juma, ikimiminwa polepole, ina faida kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi na unaona ukoko mweupe juu ya udongo, mwagilia mara chache lakini kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na usisahau kukinga maji ya mvua.

Pogoa juma la kwanza la Desemba. Waridi linalorudia huchanua majuma sita hadi nane baada ya kukatwa, kwa hiyo utapata maua mwishoni mwa Januari, wakati ambapo maboga yaliyopandwa na mvua za kwanza nayo yanaanza kufunguka.

Swali: Mama, majani ya waridi langu yamekatwa miviringo safi ukingoni, kama mtu aliyetumia mkasi. Duka moja la pembejeo limenishauri ninunue dawa ya kumwaga kwenye mizizi, inayopanda ndani ya mmea wote. Je, niitumie? *Msomaji, Kongwa*

Jibu: Hapana, tafadhali usiitumie. Panzi na viwavi hutafuna jani wakaliacha limechanika ovyo. Duara safi namna hiyo ni kazi ya nyuki mkata majani, ambaye hali jani hata chembe. Jike hukata kipande kwa muda usiofika dakika moja, hukibeba chini ya tumbo hadi kwenye tundu la mti mkavu, la tete au la ukuta, na kukizungushia humo kama mkeka. Ndani yake huweka donge la chavua na mbochi, hutaga yai moja, kisha huziba kwa kipande cha duara. Ukimwona akirudi kutoka kwenye ua utamtambua, kwa kuwa chavua yake huwa imejaa kwenye manyoya ya tumboni, si miguuni. Kichaka chenye afya hakipungukiwi na chochote kwa vipande hivyo.

Dawa ya kupanda ndani ya mmea haibaki kwenye majani peke yake, bali hufika hadi kwenye chavua. Kwa sababu ya madhara kwa nyuki, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya imidacloprid, ambayo ni dawa ya aina hiyo, na wenzake wawili katika mashamba ya wazi. Iwapo una vidukari kwenye matumba, wapige kwa maji ya nguvu asubuhi siku tatu mfululizo, na waachie kazi iliyobaki wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni. Utitiri wa kiangazi nao huchukia majani yaliyooshwa upande wa chini.

Swali: Nina watoto wadogo. Mawaridi ya nyuki hayatatuletea hatari mlangoni? *Msomaji, Manyoni*

Jibu: Nyuki aliye kwenye ua ana shughuli zake, na hauma asiposhikwa wala kukanyagwa, mkali ni yule anayelinda mzinga. Panda vichaka hatua tano au sita kutoka mlangoni, ziba matundu ya dari ili kundi lisihamie humo, na kiangazi weka mbali na bomba sahani ya maji yenye kokoto, wapate pa kutua bila kuzama. Kundi likijikusanya kwenye tawi, waingize watoto ndani na umwite mfugaji wa nyuki. Huko kwenu hawakosekani.