Premio, Mark X, Teana au Legacy kwa barabara za Kusini: anza na matairi na gia boksi

Mkuu uliyeuliza, nimekusoma mpaka mwisho. Unaishi Lindi mjini, kazi inakupeleka Ruangwa na Nachingwea, mara moja moja unakwenda Dar na familia, na umebaki na majina manne: Premio ya umbo la pili, Mark X ya kwanza, Teana na Legacy. Umeuliza lipi lina vitu vingi ndani, kama CVT, ile gia boksi ya otomatiki ya mkanda, ni ugonjwa kweli au ni maneno ya vijiweni, na kama yale matairi yenye kashata nene yaliyokuja na gari kutoka Japani yanafaa kwa tope kama mwenye yadi alivyokuambia.

Mimi niko Mtwara, Magomeni. Nimemiliki Premio ya zamani, nikaja Mark X, na sasa nina Premio ya umbo la pili. Teana na Legacy nimeendesha za jamaa zangu, safari ndefu za Masasi na Dar. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalogusa uhai wa watu unaowapakia.

Matairi hayo yatoe kabla hujaondoka yadi. Ni matairi ya barafu. Zamani Wajapani wa upande wa kaskazini, Hokkaido na Tohoku, walikuwa wanafunga matairi yenye misumari wakati wa theluji. Misumari ikawa inachimba lami na kutimua vumbi mijini, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuizuia. Viwanda vikaelekeza nguvu kwenye tairi lisilo na msumari, linaloshika barafu kwa ulaini wa raba yake na kwa mikato midogo mingi iliyochanwa juu ya kila kashata. Raba hiyo imechanganywa ibaki laini hata joto likiwa chini ya sifuri. Watengenezaji wenyewe husema tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, na hapo ndipo la barafu linapoanza kufanya kazi yake. Sisi huku nyuzi 7 hatuzijui hata Julai alfajiri. Sasa piga picha lami ya saa nane mchana kati ya Nangurukuru na Mchinga.

Tairi la barafu likifika kwenye lami hiyo, kila kashata inacheza peke yake, raba inachemka na inalika kama sabuni iliyolowa. Gari la shemeji yangu lilikuja na matairi hayo, mazuri kwa macho, kina cha kashata kikubwa. Alizunguka nayo msimu mmoja wa korosho, na ulipoisha mabega ya tairi yalikuwa kipara. Hilo la kulika ni hasara ya pesa tu. La breki ndilo lililonifanya niwe mkali kila mtu anaponiuliza. Nilikuwa kiti cha abiria, tunakaribia njiapanda ya Mnazi Mmoja, lori la mbele likasimama ghafla. Shemeji alikanyaga breki mapema kabisa, ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge kwenye breki, ikashika, gari likanyooka vizuri, lakini likaendelea kwenda. Tulipona kwa kuingia pembeni ya barabara, na kwa bahati hapakuwa na mtembea kwa miguu wala bodaboda.

Kuhusu tope, mwenye yadi ana sehemu ndogo ya ukweli: likiwa jipya, kashata zake nene zitakuvusha mahali. Lakini wewe unakaa kwenye lami muda mwingi kuliko kwenye tope. Na mvua yetu ya masika, maji yanaposimama barabarani, si kazi yake pia, maana mikato ile imekusudiwa kunyonya utando mwembamba wa maji juu ya barafu, wala si kusukuma dimbwi.

Kuyatambua ni rahisi. Tazama ubavuni: ukikuta neno STUDLESS, ndiyo hayo, na mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani ni dalili pia. Tazama pia herufi ya mwisho baada ya saizi, mfano 195/65R15 91Q. Q maana yake mwendo wa juu ni kilomita 160 kwa saa, na matairi ya barafu ya Kijapani mara nyingi yana herufi hiyo, wakati ya kawaida ya saizi hiyo utaona S, H au V. Kisha tafuta namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT. 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi la zamani, hata kama kashata zimejaa, raba yake imeshachoka. Pitisha mkono, tazama nyufa ndogo kwenye ukuta wa tairi. Na usisahau la akiba kwenye buti.

Tunapozungumzia saizi, tayari tunalinganisha magari. Premio ya umbo la pili huja na 185/65R15 au 195/65R15. Hiyo 195/65 ina ukuta wa tairi wa karibu milimita 127. Mark X ya kawaida ina 215/60R16, ukuta wake unafika milimita 129, lakini ile ya kispoti yenye 225/45R18 unashuka mpaka 101 hivi. Ukuta huo ndio unaopokea shimo kabla ya rimu na shokapu. Legacy nyingi zilizopo sokoni zimefungwa 215/45R17 au R18. Rimu zinapendeza sana, ila barabara zetu zimelemewa na malori ya korosho, ya saruji na sasa ya makaa ya mawe yanayoteremka kutoka Songea kuja bandarini Mtwara, na mashimo yanazaliwa usiku mmoja. Ukinunua gari lenye tairi la ukuta mfupi, panga kabisa kushuka saizi ya rimu, alimradi ipite kwenye kalipa za breki na kimo chote cha gurudumu kisibadilike.

Upepo pima asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukibeba familia na viroba vya korosho kwenye buti, fuata kipimo cha mzigo kamili kama kibandiko kinacho. Tairi lenye upepo pungufu na mzigo ndilo linalopasuka njiani.

Sasa gia. CVT si ugonjwa. Ndani yake kuna puli mbili na mkanda wa chuma kati yao, na mkanda huo haushikwi na meno ya gia, unashikwa na mgandamizo na aina ya oili iliyomo. Ukiweka haidroliki nyekundu ya kawaida, mshiko ule unapotea, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na hapo hakuna wa kukusaidia kati ya hapa na Dar. Jirani yangu alilipeleka gari gereji kwa sababu gia boksi ilikuwa inavuja kidogo tu. Wakaiziba vizuri, wakaongezea oili waliyokuwa nayo kwenye ndoo. Haukupita muda gari likaanza kuguna likipanda mlima, baadaye likawa linaunguruma bila kwenda. Kwa hiyo Toyota yenye CVT ipe oili ya CVT iliyoandikwa kwenye kitabu chake, TC au FE kulingana na mwaka. Nissan ina NS-2 na NS-3. Nunua mwenyewe Dar au mjini, weka makopo nyumbani, mpe fundi mkononi, na usimame pale anapomimina.

Adui wa pili wa CVT ni joto. Ukikwama kwenye mchanga wa vijiji vya Tandahimba au njia ya Msimbati, usikanyage mafuta gurudumu likizunguka bure. Punguza upepo wa tairi, chimba mchanga mbele ya gurudumu, zima kitufe cha VSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) kisikukate nguvu, ondoka taratibu, na ukirudi kwenye barabara ngumu jaza upepo tena. Vivyo hivyo kupanda Newala kutokea upande wa Masasi, ambako uwanda wa Makonde unasimama wima kuliko ukitokea Mtwara: usisukume gari lililojaa watu kwa mafuta yote mpaka juu.

Gia za otomatiki za kawaida zinavumilia zaidi mikono ya mafundi wetu. Premio ya zamani, ya 2001 hadi 2007, yenye injini ya 1.5 au 1.8 ina gia nne za aina hiyo. Ile ya 2.0 D-4 ina CVT, na mfumo wake wa kupulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda ni nyeti, hiyo iache. Yangu ilikuwa 1.8, na kwa uimara sijapata gari lingine la kuifikia. Tatizo sasa ni umri: zilizobaki zimechakaa mno, na ukiagiza mwenyewe gari la zaidi ya miaka 10 ushuru wa uchakavu unakuumiza.

Mark X ya kwanza, 2004 hadi 2009, ina V6 ya 2.5 au 3.0, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na nyingi zina gia sita. Kwenye lami iliyonyooka ya Kilwa hakuna kati ya hizo nne inayotulia kama hiyo, na gia boksi yake ni ya kuaminika ukiipa oili yake ya Toyota iitwayo WS. Ila mafuta inakunywa. Mimi nilikuwa napata kilomita 8 mpaka 9 kwa lita safari ndefu, wakati Premio ya 1.8 inanipa 13 bila shida. Injini yake nayo ni ya kupulizia moja kwa moja, inajenga masizi, inataka mafuta safi na oili inayobadilishwa kwa wakati. Na wakati wa mvua, kwenye udongo mwekundu unaoteleza, magurudumu ya nyuma yanataka kwenda mbele ya yale ya mbele. Wewe mwenye njia za Nachingwea vijijini, hilo lipime sana.

Teana ina viti bora kuliko zote, hasa nyuma. Mama akikaa humo kutoka Lindi mpaka Dar anashuka hajachoka. Ya kwanza, J31, yenye 2.3 ina gia nne za kawaida. Ya pili, J32, uliyoitaja, ina V6 ya 2.5 na CVT. Nissan wenyewe kule Marekani waliongeza dhamana ya CVT zao za 2003 mpaka 2010, hivyo tahadhari hiyo si uvumi wa vijiweni. Kama huna uhakika na historia ya oili yake, usiichukue ukae nayo Lindi.

Legacy inavuta kwa magurudumu yote manne, na kwenye tope utaipenda. Ya 2003 hadi 2009 yenye 2.0 isiyo na taabo ina gia nne za kawaida, iliyofuata ya 2.5 ina CVT ya mnyororo. Lakini injini yake imelala pande mbili, na fundi anayeijua vizuri huku ni wa kutafuta kwa simu.

Vitu vya ndani nitavipita haraka. Kamera ya nyuma nzuri, redio ya ramani ya Kijapani haina faida kwako, viti vya kupasha joto vizime tu. Hakikisha ABS, VSC na mifuko ya hewa taa zake zinawaka ukiwasha swichi, na zinazimika injini ikishika. Taa isiyowaka kabisa, huenda mtu ametoa balbu. Kiyoyozi kipime mchana juani, gari likiwa limesimama. Kitufe cha SNOW kama kipo kitumie kwenye tope, kinapunguza ukali wa kuondoka. Na kwenye mchanga au kokoto jua kwamba ABS inarefusha breki, hivyo punguza mwendo mapema.

Gari lililokuja na matairi ya barafu lina swali jingine: limeishi wapi? Huko kwenye theluji barabara humwagiwa chumvi, na chumvi inakula chini ya gari. Linyanyue juu. Tazama bomba za breki, viungio vya ekzosi, sehemu za shokapu zinakofungwa na kingo za sakafu. Kutu ya juu juu ya rangi ya chungwa inasuguliwa. Kutu inayomenyuka vipande ukigonga kwa bisibisi, liache hapo hapo, maana upepo wa bahari wa Lindi na Mikindani utaumalizia mwili uliobaki.

Mimi ningechukua Premio ya 1.8 ya umbo la pili, inayovuta kwa magurudumu ya mbele. CVT yake haibebi injini kubwa, vipuri vyake unavipata Mtwara mpaka Masasi, na kwa kuwa iko chini ya cc 2000 ushuru wa bidhaa ni 5%, wakati hizo za 2.5 ni 10%. Weka spesa ndogo (vile vipande vya kuinua gari kwenye springi) kama unagonga chini. Kubwa zinakunja pembe za shafti na kupasua mipira yake. Kama moyo wako uko kwenye safari za Dar tu, basi Mark X yenye 215/60R16.

Njia ya Dar nayo ina siku zake. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara upande wa Somanga, hata malori yalilala. Siku kama hizo hakuna sedani ya kukuvusha, subiri.

Ukienda yadi piga picha nne: ubavu wa tairi ukionyesha saizi na DOT, kibandiko cha gari chenye namba ya modeli na gia boksi, chini ya gari kote, na kijiti cha kupimia oili ya gia kama kipo. Ziweke hapa kabla hujalipa, nitakusomea.