Vazi la Black Panther: kwa nini pembetatu zinapasuka na michirizi ya fedha inabanduka

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani. Mteja ameniletea picha za vazi la Black Panther la filamu ya mwaka 2018, lile jeusi lenye pembetatu ndogo zilizoinuka, michirizi ya fedha na mkufu wa meno ya fedha. Nilinunua laikra nyeusi, nikashona vazi zima, ndipo nikachapa pembetatu kwa skrini na wino wa kuvimba, nikaubana kwa hiti presi (mashine ya kubana kwa joto). Kwenye hanga lilipendeza, ila pembetatu zilikuwa bapa. Mteja alipolivaa zikapasuka kifuani na magotini. Michirizi ya foamu niliyoibandika kwa gundi ya viatu pembeni mwa mapaja nayo ikaanza kuachia alipokaa tu. Nirekebishe vipi?

JIBU: Salama, fundi. Hilo vazi la kwanza usihangaike nalo. Wino uliokwisha kuiva ukapasuka haushikani tena, na ukipaka mwingine juu yake ufa unarudi palepale. Lifumue utumie vipande vyake kama pateni, kisha ununue kitambaa kingine.

Pembetatu na michirizi zimeharibika kwa sababu moja: umeweka kitu kisichovutika juu ya kitambaa kinachovutika, bila kupanga mvuto utatokea wapi. Ubapa ni kosa la hiti presi, nitaufikia.

Kwanza tuelewane unachoiga. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi ya filamu hiyo na kupata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019, aliiweka pembetatu iliyoinuka kwenye uso wa vazi, akaiita pembetatu ya Okavango, ili ngozi yenyewe ya vazi ibebe alama ya Afrika. Kwa sisi washonaji ina kazi nyingine pia. Jeusi tupu linameza mwanga, na mwili unaonekana kama kivuli. Kingo za pembetatu ndizo zinazoudaka mwanga na kuonyesha umbo la bega na kifua. Kwa hiyo kilicho muhimu ni kimo. Nusu milimita inatosha, mradi kitambaa kiwe cheusi kisichong'aa na pembetatu ing'ae kidogo kukizidi.

Sasa hesabu, na hapa nakuomba usiruke. Chukua laikra yako, weka alama mbili zilizoachana sentimita 10, vuta mpaka igome. Zikifika sentimita 15, mvuto wake ni asilimia 50. Hicho ni kidogo kwa kazi hii. Tafuta inayofika 17 au zaidi, inayovutika pande zote mbili, nzito ya gramu 220 hadi 250 kwa mita ya mraba. Nyepesi zaidi ya hapo itaonyesha kila mshono wa nguo ya ndani.

Tuseme pembetatu zako zilikuwa na upana wa milimita 8, zimeachana milimita 2, na kifua cha sentimita 100 ulikikata 90 ili kibane. Kitambaa kikivaliwa lazima kivutike asilimia 11, yaani kila milimita 10 iwe 11.1. Pembetatu yenyewe haikubali. Ile milimita 1.1 yote inadaiwa kwenye nafasi ya milimita 2, na hiyo ni asilimia 55 mahali hapo. Laikra ya asilimia 50 imekwisha kabla mteja hajavuta pumzi, ndipo wino unapopasuka.

Punguza pembetatu ziwe milimita 7, nafasi iwe milimita 3, na kifua hicho cha 100 ukikate 94. Mvuto unashuka hadi asilimia 6.4, nafasi inadaiwa milimita 0.64 tu, kama asilimia 21. Hapo vazi linapumua. Hakikisha kila pembetatu inasimama peke yake kama kisiwa. Zikigusana kwenye ncha, umetengeneza wavu mgumu na hesabu yote hii inakuwa bure.

Goti na kiwiko vinataka mpango wake. Mguu ukikunjwa, ngozi ya juu ya goti hurefuka kwa theluthi moja au zaidi. Nguo huteleza kidogo kutoka pajani kufidia, lakini haifidii yote. Hapo shusha pembetatu hadi milimita 5 na nafasi iwe 4, na urefu wa mguu usiupunguze hata kidogo kwenye pateni. Nyuma ya goti na ndani ya kiwiko acha kitambaa kitupu, kwa sababu hapo nguo inajikunja na wino unasagana wenyewe kwa wenyewe.

Mpangilio wa kazi ni kata, chapa, halafu shona. Kuchapa juu ya vazi lililoshonwa kunafanya skrini ipande juu ya mishono na wino ushike nusu. Kata kila kipande na ziada ya sentimita 3 pande zote. Kitandaze juu ya ubao wa plaiwudi, ukivute kwa upana kama kitakavyovutwa mwilini: kipande cha sentimita 40 kifike 42.5. Kwa urefu usizidishe asilimia 2 au 3. Pini ya kwanza weka katikati ya kila upande, pembe zije mwisho, la sivyo safu za pembetatu zitapinda. Ukichapa hivi, vazi likivaliwa pembetatu zinarudi kwenye nafasi uliyozichapia. Likiwa kwenye hanga litaonekana limesinyaa kidogo, na mteja uwe umemwambia mapema.

Kabla ya wino, ziba kwa tepu ya karatasi sentimita moja na nusu kutoka kila mstari wa mshono. Sindano ikipita kwenye wino uliovimba inaruka nyuzi, na mshono unakuwa mnene kama kamba. Utepe mtupu utakaobaki usikutishe, ndipo michirizi ya fedha itakapokaa.

Wino uwe wa maji, wa kuvutika, uliotengenezwa kwa ajili ya laikra. Dawa ya kuvimbisha changanya asilimia 15 kwa uzito, yaani gramu 15 katika kila gramu 100. Wengi huongeza hadi 30 wakidhani pembetatu itapanda zaidi. Inapanda kweli, lakini inakuwa kama sponji, na ukucha mmoja unaing'oa. Skrini iwe ya nyuzi 24 hadi 32 kwa sentimita, maana skrini laini haipitishi wino wa kutosha. Fremu ifungwe kwa bawaba ili irudi palepale, kwa sababu utapita mara mbili: tabaka la kwanza ni wino wa kuvutika usio na dawa, ukiusukuma kwa raba uingie ndani ya nyuzi. Ukishakauka nusu, pitisha wa kuvimba juu yake, mkono mwepesi. Tabaka la chini ndilo linaloshika kitambaa, la juu linatoa kimo.

Kukausha ndiko kulikokupa pembetatu bapa. Uliubana kwa hiti presi, ukaugandamiza wino wakati uleule uliotaka kuinuka. Kausha kwanza kwa feni mpaka kidole hakichafuki. Kisha shusha bamba la presi lisimame sentimita moja hadi mbili juu ya kitambaa bila kugusa. Wino wa namna hii kwa kawaida huvimba kati ya nyuzi 140 na 160 za Selsiasi. Fuata maelekezo ya kopo lako, anzia kwenye kiwango cha chini, na utazame kwa macho. Pembetatu itainuka ghafla, kingo zikilainika. Hapo ondoa. Ukiendelea, vipovu vya ndani vinapasuka, uso unaporomoka na kuwa na mikunjo kama maziwa yaliyoganda. Joto likizidi 160 unaanza pia kuua mvuto wa laikra yenyewe. Acha kipande kipoe kikiwa bado kwenye ubao.

Kama mashine ya joto inakusumbua, silikoni ya kuzibia madirisha inafanya kazi nzuri, na kwa vazi moja tu ningeichagua kuliko wino. Inavutika pamoja na kitambaa, kwa hiyo haipasuki. Kata stensili kwenye plastiki ya unene wa nusu milimita, bandika, pakaza silikoni kwa kadi ngumu ukiisukuma iingie kwenye nyuzi, kisha nyanyua stensili wakati bado mbichi. Ikiwa nzito mno, ilegeze kwa tapentaini, kijiko cha chai kimoja kimoja. Mirija miwili au mitatu ya mililita 300 inatosha vazi zima. Ubaya wake ni kwamba rangi haishiki juu ya silikoni, kwa hiyo nunua nyeusi tangu dukani au changanya rangi ya mafuta ya wachoraji ndani yake kabla ya kupaka. Iache saa 24 kabla ya kushona.

Kushona: sindano ya ncha ya duara namba 75, uzi wa poliesta, zigizaga nyembamba ya milimita moja na urefu wa 2.5, au ovaloki ya nyuzi nne. Vuta mshono wa sentimita 10 ufike 15. Uzi ukikatika, legeza mkazo.

Tuje kwenye fedha. Foamu uliyobandika pajani ilibanduka kwa sababu mguu ukikunjwa kitambaa kinarefuka na foamu inabaki ilivyo. Gundi ya viatu ni imara, lakini imeshika nyuzi za juu tu, nazo zinasogea. Mchirizi mrefu unaofuata mguu au mkono usiwe wa foamu. Tengeneza paipingi, yaani ukingo mwembamba wa duara unaotokeza kwenye mshono: kata utepe wa sentimita 3 kutoka laikra ya fedha, ndani yake weka lastiki ya duara ya milimita 3, na uishone ndani ya mshono kwa mguu wa zipu. Usiivute unaposhona, wala usiilegeze. Ikivutwa, mshono wote unajikunja. Paipingi hii inarefuka pamoja na mguu, na inakaa katikati ya ule utepe mtupu ulioachwa kwenye mishono.

Foamu ibaki kwa sehemu ambazo mwili hauzikunji: kifua cha juu, nje ya bega, mbele ya muundi, juu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Tumia foamu ya EVA ya milimita 5 kwa mabamba, ya milimita 2 kwa mapambo ya juu yake. Mikeka ya mazoezi inayoungana kama vigae inafaa. Kisu kiwe kipya. Kikigoma kidogo tu kinachana, na mchano unaonekana hata chini ya rangi. Kata kingo kwa mshazari wa nyuzi 45, pitisha bunduki ya hewa moto mpaka uso ung'ae kidogo. Hapo matundu yamejifunga, na foamu itakubali kukunjwa kufuata bega. Ishike kwenye umbo hadi ipoe.

Gundi paka pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka ikiguswa haivuti nyuzi, ndipo ubane mara moja. Ukiunganisha ikiwa mbichi, mvuke unanaswa ndani na kiungo kinafunguka siku inayofuata. Fanya kazi hii nje au kwenye baraza lenye upepo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa gundi, inayofaa ni ile yenye vichujio vya kaboni.

Kabla ya fedha, paka tabaka tatu nyembamba za rangi ya mpira. Gundi ya mbao iliyochanganywa na maji ni rahisi, lakini kwenye bamba linalopinda inapasuka. Kisha nyeusi inayong'aa, iache ikauke saa 24, ndipo upulize fedha kwa tabaka nyepesi sana. Fedha juu ya nyeusi inayong'aa inakuwa kama chuma. Juu ya kijivu inakuwa kama karatasi ya sigara. Vanishi ya juu jaribu kwenye kipande cha pembeni kwanza, kwa sababu nyingi huifubaza fedha.

Meno ya mkufu kata kwenye foamu ya milimita 10, uyachonge kwa sandapepa namba 120 na kumalizia kwa 240. Yashone kwenye ukanda wa ngozi bandia wenye velkro nyuma ya shingo, usiyabandike kwenye vazi.

Mabamba pia yasigundishwe kwenye laikra. Shona velkro kwenye kipande cha kitambaa cha kaki, kisha kaki ndiyo uibandike kwenye foamu; velkro ikibandikwa moja kwa moja hung'oka yenyewe. Upande wa vazi tumia vipande vya sentimita 2 kwa 2, vinne kwa kila bamba, ili kitambaa kiendelee kuvutika kati yake. La bega liongezee lastiki pana ya sentimita 2.5 inayopita chini ya kwapa.

Vifaa kwa mtu wa mita 1.75: laikra nyeusi mita 3.5 ya upana wa mita moja na nusu pamoja na nusu mita ya majaribio, laikra ya fedha nusu mita, wino kilo moja, EVA ya milimita 5 mita moja ya mraba na ya milimita 2 nusu yake, kipande kidogo cha milimita 10 kwa meno, gundi nusu lita. Weka zipu ndefu inayofunguka juu na chini, kwa sababu kwenye joto la pwani mteja atakunywa maji mengi na atahitaji choo bila kuvua vazi zima.

Akishalitumia, abandue mabamba, alifue kwa mkono kwa maji baridi, asilikamue, alianike kivulini likiwa limegeuzwa ndani nje. Pasi isiguse pembetatu kabisa.