Mchele ni kama ngano: kwa lipi?

SWALI: Mwalimu, assalaam alaykum. Nauza nafaka hapa Tanga. Jirani aliniletea kilo mbili za chenga nimpe kilo moja ya mchele mzima, nikampa. Mzee mmoja barazani akasema hiyo ni riba, yaani ziada iliyoharamishwa. Nikasomewa hadithi ya vitu sita ambavyo, vya jinsi moja, hubadilishwa sawa kwa sawa: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Mchele haumo! Mzee akasema, "Mchele ni kama ngano." Lakini kila kitu kina namna ya kufanana na kingine. Kufanana kupi ndiko kunakohesabika?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Umeuliza jambo zito kuliko hizo kilo mbili.

Mchele ni mweupe kama chumvi, una punje kama shayiri. Weupe na punje havikupi hukumu. Kiyasi, yaani kukipa kisichotajwa hukumu ya kilichotajwa (ndilo neno lililotupa "kiasi"), kinataka vitu vinne: asili iliyotajwa, tawi lisilotajwa, hukumu ya asili, na illa, yaani sababu inayobeba hukumu hiyo. Mzee alikupa vitatu, akaruka illa.

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wangu aliweka mkekani kibaba cha mchele, kibaba cha chokaa na chane ya ndizi. Akauliza: kipi kinaingia katika hadithi? Tukapiga kelele, "Kimo!", "Hakimo!" Akatukataza kujibu mpaka tuanze na "kwa sababu". Hapo ndipo kelele zilipokwisha. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi huku pwani, illa ya vile vinne visivyo dhahabu na fedha ni kuwa chakula: mchele umo, ndizi zimo, chokaa haimo. Kwa Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, illa ni kupimwa kwa ujazo au uzani: mchele umo, chokaa imo ingawa hailiwi, ndizi za kuhesabu hazimo. Na hadithi ni ileile!

Mwanachuoni Ibn Hazm wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1064, alikikataa kiyasi chote. Simfuati, ila swali lake nalibeba kila siku: nani kakwambia illa ni hiyo? Mashafii humjibu kwa hadithi nyingine, iliyomo katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim: chakula kwa chakula, sawa kwa sawa. Illa nayo hudaiwa ushahidi wake.

Tuje dukani kwako. Sahaba Bilal alimletea Mtume (s.a.w.) tende nzuri za barni, alizozipata kwa kutoa pishi mbili za tende duni kwa pishi moja. Akaambiwa hiyo ndiyo riba yenyewe. Auze zile duni, kisha kwa thamani yake anunue nzuri. Chenga na mchele mzima ni jinsi moja, kama tende zile. Basi nunua chenga za jirani kwa fedha, umkabidhi mkononi. Akitaka mchele mzima, naye anunue kwa bei yake.